Kujitolea kwa wagonjwa wa hospisi: yanayosemwa na ukweli wake

"Hospisi ni mahali pa kwenda kufia."
Neno hili huwazuia wengi hata kuuliza wasaidie vipi. Nairobi Hospice, iliyoanza mwaka 1990, na Hospice Africa Uganda, iliyoanza Kampala mwaka 1993, huwafuata wagonjwa majumbani kwao. Hospisi ni huduma kwa wenye maradhi mazito, na kinachotolewa ni tiba shufaa: kutuliza maumivu na kuishika mkono familia. Mgonjwa wa saratani anaweza kuianza mapema, huku akiendelea na matibabu mengine.

"Kama si muuguzi, utaenda kufanya nini?"
Utakuwa na mengi ya kufanya. Dawa na vidonda vina wenyewe. Wewe utapewa mafunzo kwanza, kisha utapangiwa nyumba. Huko utamkuta anayeuguza, mara nyingi binti au mke, hajalala vizuri kwa wiki kadhaa. Ukimwambia, "Dada, nenda kaoge ulale kidogo, mimi nipo na Mama," umewasaidia wawili kwa mpigo.

Macho yako nayo ni msaada. Chupa ya mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu, inakaribia kwisha, na muuguzi anakuja wiki ijayo. Mgonjwa hajapata choo siku ya tatu, na mofini hufunga choo. Ngozi ya kisiginoni imebadilika rangi. Usibadilishe kipimo wala usijaribu tiba yako. Mpigie muuguzi siku hiyohiyo.

"Mofini humaliza mgonjwa."
Hii ndiyo dhana inayoniuma kuliko zote, kwa sababu mtu hulia usiku kucha na dawa iko kabatini. Mofini ya maji hunywewa kwa kipimo, kwa kawaida kila baada ya saa 4, na ikitumiwa kama alivyoelekeza mtaalamu haiharakishi kifo. Kungoja maumivu yapande ndipo anyweshwe ni kumtesa bure. Mwaka 2004 Uganda iliruhusu hata wauguzi na maafisa tabibu waliosomea tiba shufaa kuwaandikia wagonjwa mofini, kwa kuwa madaktari hawakutosha. Ukiona familia inaogopa chupa hiyo, usibishane nao mbele ya mgonjwa. Mwombe muuguzi aje awaeleze.

"Lazima uwe na maneno ya faraja."
Pole yatosha, na kukaa. Usimwahidi kwamba atapona. Akitaka habari za shamba lake, zungumzeni shamba. Dini usiianzishe wewe. Akihitaji shehe, padri au mchungaji wake, saidia aitwe.

"Akishafariki, kazi imekwisha."
Msibani watu hujaa. Tanga likishaanuliwa, mjane hubaki na nyumba tupu, madeni ya matibabu na watoto wanaouliza maswali. Tiba shufaa huihesabu familia hiyo bado, na ziara yako ya mwezi wa pili baada ya msiba inaweza kuwa ndiyo pekee anayoipata. Nawe uliyemzoea marehemu una msiba wako: mwambie mratibu wa hospisi, upumzike kabla ya kupangiwa nyumba nyingine.