Rangi ya John Deere 110 Isikudanganye

Mtu anaponiletea trekta ndogo ya bustani ya zamani ili niitambue, rangi yake huwa kitu cha mwisho ninachokiamini, kwa kuwa kopo la rangi ya kijani hununuliwa popote, ilhali umbo la chuma halibadilishwi kirahisi.

Tuchukue John Deere 110, iliyoanza kuundwa Horicon, jimbo la Wisconsin nchini Marekani, kwa ajili ya soko la mwaka 1963. Zile za 1963 hadi 1965 zina madigadi ya nyuma ya mviringo. Kuanzia 1966 yakawa bapa. Hilo huonekana hata kwa mbali. Utata uko kwenye injini. Za mwanzo zilifungwa injini ya kampuni ya Kohler, K161 ya nguvu farasi 7, kisha ikaja K181 ya nguvu farasi 8, lakini si ajabu kukuta mtu amepachika K241 ya nguvu farasi 10. Kibati cha namba ya injini kimeshikizwa kwenye bati linaloelekeza upepo wa kupoozea, na bati hilo huhamishwa kwa kufungua bolti chache tu. Kwa hiyo fungua kichwa cha silinda upime kipenyo, ambacho kwa K181 ni kama milimita 75 na kwa K241 kama milimita 83.

Mwaka 1969 kampuni ilitoa trekta nyeupe ambazo boneti na kiti chake vilikuwa vyekundu, vya rangi ya chungwa, bluu au njano, kadiri mnunuzi alivyopenda. Baadhi zilikuja kupakwa kijani baadaye. Ndiyo maana, kabla ya kugusa kitu kingine, husugua kwa msasa laini wa maji sehemu isiyozidi ukubwa wa sarafu, chini ya kiti na pale betri inapokaa, nikishuka tabaka moja baada ya jingine. Nyeupe ikitokeza chini ya kijani, kazi husimama. Wanaokimbilia kuondoa rangi kwa kupuliza mchanga siku ya kwanza hufuta ushahidi huo wote, nami sioni sababu ya haraka hiyo.

Kuhusu injini yenyewe, usiiwashe kabla ya kumwaga oili na kuitazama juani. Konrodi ya Kohler hizi, yaani mkono unaounganisha pistoni na krenki (shafti inayozungushwa na pistoni), ni ya aluminiamu, inazunguka moja kwa moja juu ya krenki bila beringi, na oili huifikia kwa kurushwa tu na kijiko kidogo kilicho chini yake. Oili ikipungua, konrodi hukwama na huweza kuvunjika na kutoboa bloku. Chembe zinazometameta kwenye oili zina maana kwamba injini inafunguliwa yote. Oili ikiwa safi, hamia kwenye pointi, yaani swichi ndogo inayokata umeme ili plagi itoe cheche, zilizo chini ya kifuniko kidogo ubavuni: zisafishe, uziachie nafasi ya milimita 0.5 kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi), ndipo uanze kuilaumu kabureta.