Kwa nini Ngazija ina volkano na Unguja haina?

Mtu wa Dar es Salaam ukimtajia kisiwa, kinachomjia kichwani ni Bongoyo, Mbudya au Unguja: mchanga mweupe, na pembeni yake mwamba wa kijivu wenye meno, ambao ukiukanyaga peku utajuta. Mwamba huo haujawahi kuwa moto. Ni matumbawe ya zamani, viumbe wadogo waliojijengea nyumba za chokaa, wakafa, bahari ikashuka ikawaacha juu. Chukua kipande chake, kikwangue kidogo, kikamulie ndimu. Kitatoa povu.

Jirani yangu wa Ilala, Mngazija aliyekuja mjini akiwa kijana, ana jiwe la ukoo mwingine kabisa. Analitumia kuzuia mlango wa duka usijifunge kwa upepo. Jeusi, zito, na lina vitundu kama mkate wa kumimina. Siku moja tulilikamulia ndimu pia, likatutazama tu. Vile vitundu ni mapovu ya gesi iliyokuwa ikitoroka wakati jiwe lenyewe likiwa bado uji wa moto. Asili yake ni Ngazija, kisiwa kikubwa cha Komoro, karibu kilomita 700 kusini mashariki mwa Dar, ambako volkano ya Karthala yenye mita 2,361 ingali hai.

Bahari ni hiyohiyo. Imekuwaje huku tukapata chokaa na kule wakapata moto?

Unguja, kusema kweli, ni kipande cha bara kilichozungukwa na maji. Mkondo wa bahari kati yake na sisi hauna kina kirefu, na miaka kama 20,000 iliyopita, bahari ilipokuwa chini kwa takriban mita 120, mtu angeweza kuvuka kwa miguu. Pemba imetengwa na mkondo wenye kina cha mamia ya mita, lakini hata huko hakuna lava. Ngazija haijawahi kushikana na bara lolote. Imesimama juu ya sakafu ya bahari iliyo zaidi ya kilomita tatu chini. Anayeupanda Karthala anapanda kichwa tu, kiwiliwili kimo majini.

Wengi tumekua tukiamini kwamba chini ya ardhi kuna bahari ya moto inayosubiri tundu. Sivyo. Miamba ya huko chini ina joto kali, ila sehemu kubwa ni migumu, kwa sababu uzito wa yaliyo juu yake unaizuia isiyeyuke. Uzito ukipungua, kwa ganda la dunia kuvutwa likawa jembamba au kwa mwamba wa moto kupanda kutoka chini, sehemu yake huyeyuka bila kuongezewa joto lolote. Uji huo ni mwepesi kuliko miamba inayouzunguka, hivyo hupanda. Ukikaribia juu, gesi iliyomo hufanya kama soda iliyofunguliwa.

Kinachotakiwa, basi, ni mahali ganda linapovutwa au kupasuka. Afrika Mashariki inachanika taratibu: bamba la Nubia, yaani kipande kikubwa cha ganda la dunia, upande wa magharibi, bamba la Somalia upande wa mashariki, milimita chache kwa mwaka. Nchi kavu tunauona mchaniko huo kama Bonde la Ufa, na volkano ya Ol Doinyo Lengai ni mtoto wake. Ila mchaniko hauishii nchi kavu. Waliokuwa Dar jioni ya Agosti 12, 2020 watakumbuka tetemeko la ukubwa wa karibu 6 lililotokea baharini kusini mwa jiji, watu wakashuka ghorofani mbio. Nyufa nyingine zinapita chini ya bahari kuelekea Visiwa vya Komoro na Madagaska.

Lakini kuna maelezo ya pili, na kwa muda mrefu ndiyo yaliyopendwa. Maore (Mayotte), kisiwa cha mashariki katika Visiwa vya Komoro, ni kizee: kimemomonyoka na kuzungukwa na wangwa mpana wenye ukuta wa matumbawe. Ngazija, magharibi, ni kijana, milima mirefu na matumbawe haba. Ukivitazama hivyo utasema kuna chemchemi moja ya joto chini kabisa, na bamba linapita juu yake likitobolewa tundu baada ya tundu, kama Hawaii.

Kisha ukaja Mei 2018. Maore, kile kizee, kikaanza kutikisika kwa matetemeko yasiyokoma. Novemba 11 mwaka huo mitambo ya pande nyingi za dunia ilinasa mngurumo wa ajabu uliodumu dakika ishirini na zaidi. Kisiwa kikasogea mashariki na kuzama kwa zaidi ya sentimita 10. Mei 2019 meli ya utafiti ikaukuta mlima mpya, kama kilomita 50 mashariki ya Maore, wenye urefu wa karibu mita 800, katika maji ya kina cha mita 3,500. Waliuita Fani Maore.

Kama tundu lilikwisha hamia Ngazija, huu moto wa mashariki unatafuta nini? Ndiyo maana mimi naegemea upande wa nyufa, ingawa wapo wataalamu wanaoona joto la chini na nyufa vinasaidiana.

Tofauti hii ya mawe unaikuta hata kwenye maji ya kunywa. Ngazija hunyesha mvua nyingi, lakini haina mto hata mmoja wa kudumu, maana lava changa ina nyufa na matundu, maji yanazama moja kwa moja. Nzwani, kisiwa jirani chenye udongo wa zamani, kina mito. Mngazija anakinga mvua kwenye tangi. Mwaka 1977 lava ilifika hadi kijiji cha Singani, lakini mlipuko wa Novemba 2005 uliwasumbua watu wengi kwa jivu: liliangukia matangi, maelfu wakakosa maji safi.

Jirani yangu anasema simu aliyopiga nyumbani siku zile haikuwa ya kuuliza lava imefika wapi. Aliuliza kama tangi lilifunikwa.