Siku 21, 17, 10 au 5? Maswali kuhusu korona na mchujo wa mpira wa Kimarekani

Desemba 2020, timu ya Chuo Kikuu cha Ohio State ilikuwa imecheza mechi tano tu wakati Alabama walikuwa wameshamaliza kumi. Mechi zake tatu zilifutwa kwa korona: moja kwa maambukizi ya Maryland, moja kwa ya kwao wenyewe, na ya tatu kwa ya Michigan. Hata hivyo ikaingia nusu fainali ya ubingwa wa vyuo vikuu Marekani, na mashabiki wakabishana mpaka wakakauka koo: huyu kakaa nje siku ngapi, yule mbona karudi mapema?

Kwa asiyeufuatilia mchezo huu: si soka. Ni ule mpira wa kofia ngumu na mabega ya plastiki, watu wanagongana kifua kwa kifua, na timu moja ya chuo inaweza kuwa na wachezaji zaidi ya mia. Big Ten wakati huo ilikuwa hasa ligi ya majimbo ya kati kama Ohio na Michigan. SEC ni ya kusini, nyumbani kwa Alabama na Georgia. Mwaka ule kamati iliteua timu nne kuingia mchujo.

Kujitenga na karantini si kitu kimoja?

Hapana, ingawa hata watangazaji waliyachanganya. Anayejitenga ni yule aliyepimwa akakutwa na virusi, anakaa peke yake asiwape wengine. Anayewekwa karantini hajulikani kama anavyo. Alikuwa karibu na mgonjwa, tunasubiri tuone. Mwaka 2020 aliyekutwa navyo alijitenga siku 10, na aliyekuwa karibu naye alikaa karantini siku 14. Ndiyo, mzima alifungiwa muda mrefu kuliko mgonjwa. Linachekesha mpaka uelewe sababu yake.

Sasa kwa nini nikae siku 14 na kipimo kinasema sina?

Panda punje ya mahindi leo, kesho fukua udongo utafute mche. Hutauona, lakini haina maana kwamba hukupanda. Virusi vya korona vikiingia mwilini huchukua muda kuzaana hadi vifikie kiwango ambacho kipimo kinaweza kukiona, na dalili zinaweza kuchelewa hadi siku 14. Kipimo cha leo kinakueleza habari za leo tu. Mgonjwa, kwa upande wake, siku yake ya kwanza inajulikana, na wengi wenye ugonjwa usio mkali hawaambukizi tena baada ya siku 10.

Tarehe 2 Desemba 2020, CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ililegeza masharti: siku 14 zibaki kuwa bora, lakini mtu asiye na dalili angeweza kutoka siku ya 10 bila kipimo, au baada ya siku 7 akipimwa mwishoni na kukutwa hana.

Nani alihesabiwa kuwa "karibu" na mgonjwa, na mchezo wenyewe ni wa kugongana?

Kigezo kilikuwa umbali usiozidi futi sita, karibu mita mbili, kwa dakika 15. Oktoba 2020 CDC ikafafanua kwamba dakika hizo hujumlishwa ndani ya saa 24: tano hapa, tano pale, tano kwenye ngazi. Kugongana uwanjani huchukua sekunde chache kisha watu wanaachana. Ukitaka kuzipata dakika 15, nenda kwenye basi, chumba cha kuangalia video za wapinzani, meza ya chakula, au bwenini wanakolala wawili wawili. Ndiyo maana mchezaji mmoja akikutwa na virusi aliweza kumvuta chini mwenzake wa chumbani kabla ya beki aliyemkaba mchana kutwa.

Big Ten walipimaje?

Ligi hii ilisimamisha msimu Agosti 2020, ikabadili mawazo Septemba, ikaanza kucheza mwishoni mwa Oktoba kwa sharti kwamba kila mchezaji apimwe kila siku. Kipimo kilikuwa cha haraka, cha antijeni, yaani kinachotafuta protini za virusi: kijiti chenye pamba kinazungushwa pua hii na ile, kinachovywa kwenye dawa, matone yanawekwa kwenye kibao, mnasubiri robo saa hivi. Majibu yalitakiwa yaandikwe kabla ya mtu kuingia mazoezini. Kikionyesha virusi, anapimwa tena kwa PCR, kipimo cha maabara ambacho huviona hata vikiwa vichache. (Watu wa kawaida Marekani walikuwa wakipanga foleni za magari kutafuta kipimo kimoja. Hilo liliwaudhi wengi, nami simo miongoni mwa wanaowalaumu.)

Nasikia kulikuwa na asilimia mbili tofauti. Za nini?

Hapa ndipo hesabu inapokuwa tamu. Chukua mfano wangu: timu ina watu 150, wote wanapimwa kila siku kwa wiki, jumla vipimo 1,050. Wiki hiyo wamekutwa wagonjwa 12. Ukigawa kwa vipimo, ni kama asilimia 1.1, hali shwari kabisa. Ukigawa kwa watu, ni asilimia 8, na hapo nyumba inawaka. Ukipima sana, vipimo vingi visivyo na kitu huimeza ile habari mbaya.

Kwa hiyo Big Ten waliangalia yote mawili kwa wastani wa siku saba. Vipimo vikizidi asilimia 5 na watu wakizidi asilimia 7.5, timu ilisimamisha mazoezi na mechi kwa siku zisizopungua saba. Kimoja tu kikivuka, waliendelea kwa tahadhari na kujiuliza kama mechi inayofuata ichezwe. Siku nyingine ukisikia kiongozi yeyote anataja asilimia ya maambukizi, muulize kwanza amegawa kwa nini.

Kipimo kinaweza kumsingizia mtu?

Kinaweza, na kilimsingizia mtu mkubwa. Jumatano ya Oktoba 14, 2020, kocha wa Alabama, Nick Saban, alitangazwa kuwa na korona, siku tatu kabla ya kuikabili Georgia. Hakuwa na dalili yoyote. Kanuni ya SEC iliruhusu asiye na dalili arudie kipimo ndani ya saa 24, na kama hana, apimwe tena mara mbili, kila kipimo saa 24 baada ya kingine. Vipimo vyote vitatu vilisema hana. Jumamosi alikuwa pembeni mwa uwanja, wakashinda 41 kwa 24.

Novemba 25 akakutwa tena. Safari hii alikuwa na dalili ndogo, na madaktari wake wakasema hii si ya kusingiziwa. Mechi dhidi ya Auburn aliitazama nyumbani kwenye televisheni. Mtu yule yule, jibu lile lile la kipimo, uamuzi tofauti, kwa sababu dalili huongeza uzito wa jibu. Nani ana haki ya kurudia kipimo ni jambo la kuandikwa mapema. Ukiliacha hadi wiki ya mechi kubwa, kila kipimo cha mchezaji nyota kitakuwa na kasoro.

Siku 21 ambazo Big Ten ilimzuia aliyeugua kucheza zilitoka wapi kama maambukizi huisha siku ya 10?

Zilitoka kwenye moyo. Virusi vingi, si korona tu, vinaweza kuufanya msuli wa moyo uvimbe, na moyo uliovimba ukisukumwa na mazoezi makali unaweza kupoteza mapigo ghafla. Septemba 2020 madaktari wa Ohio State walichapisha picha za moyo za MRI, mashine ya sumaku inayoona ndani ya mwili, za wanariadha 26 waliopona: wanne walionyesha dalili za uvimbe huo. Watu wanne ni wachache kwa takwimu, lakini walitosha kutisha ligi nzima. Mchezaji aliyeugua akatakiwa kupimwa damu kutafuta troponini, protini inayovuja msuli wa moyo ukiumia, halafu umeme wa moyo, eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) na MRI, na asicheze mechi kabla ya siku 21.

Kocha wa Ohio State, Ryan Day, alijitenga siku 10 tu akarudi kazini. Hakupendelewa, kocha hakimbizani na mtu.

Zikawaje 17 ghafla kabla ya mchujo?

Katikati ya Desemba ligi ilipunguza zile 21 kuwa 17. Piga hesabu: aliyekutwa na virusi Desemba 15 angeruhusiwa kucheza Januari 5 kwa kanuni ya zamani. Kwa mpya, Januari 1, siku ya nusu fainali. Sishangai watu walicheka. Siku chache kabla, ligi hiyo hiyo ilikuwa imefuta sharti la timu kucheza angalau mechi sita ili Ohio State icheze fainali ya ligi, na hilo lilikuwa suala la biashara, halina udaktari ndani yake.

Lakini vipimo vya moyo havikuondolewa. Kilichofupishwa ni ratiba. Na Mei 2021 majibu ya vyuo vya Big Ten yakatoka: kati ya wanariadha 1,597 waliopigwa MRI, 37 walikuwa na uvimbe, yaani asilimia 2.3, wachache sana kuliko ilivyohofiwa. Kati ya hao, 9 tu walikuwa na dalili. Wengine 28 wangerudi uwanjani bila kujua.

Na zile siku 5?

Hizo ni za Desemba 27, 2021, chanjo zikiwa zimeenea na omikroni, aina mpya ya kirusi cha korona, ikisambaa. CDC iliruhusu asiye na dalili, au ambaye dalili zinaisha, kutoka baada ya siku 5, kisha avae barakoa siku 5 nyingine. Siku chache kabla, waandaaji wa mchujo walikuwa wametangaza kwamba timu itakayokosa watu kwenye nusu fainali imepoteza, mpinzani anapita.

Mimi si mchezaji, nacheza mpira wa Jumapili tu. Nikipona nianze lini?

Ukiwa bado na homa, kifua au uchovu wa kukulaza, usifanye mazoezi kabisa. Dalili zikiisha, anza kwa kutembea, kesho yake ongeza kidogo, na ujisikilize. Ukihisi maumivu ya kifua, moyo kwenda mbio bila sababu, kuishiwa pumzi kwa kazi ndogo au kuzimia, acha hapo hapo uende hospitali, na mwambie daktari kwamba uliugua korona na ulikuwa mazoezini. Hilo la mazoezi wengi husahau kulisema.