Chunusi wa sikukuu: mbona watu wanazama pale pale, saa ile ile?

Kila sikukuu ikipita, siku mbili tatu baadae simu yangu inajaa voisi za WhatsApp, maana watu wanaojua kwamba kazi yangu kwenye taasisi ni kufundisha uokoaji baharini wananirushia kila kinachozunguka kwenye magrupu, na maswali ni yale yale. Kaka hivi pale kweli kuna chunusi? Mbona dogo alikuwa anajua kuogelea na maji yalikuwa ya kiunoni tu? Mbona hakupiga hata kelele? Mbona mwili umekuja kuonekana siku ya tatu, tena upande mwingine kabisa, na puani una damu? Halafu lile la kufunga mjadala: mbona kila Idi bahari inachukua mtu, pale pale, jioni ile ile?

Kwa wasomaji wa bara ambao neno hili ni geni, chunusi ni jini wa majini, sisi wa pwani tumekuzwa tukitishwa naye, anakushika miguu ukiwa unaogelea, anakuzamisha, anakunyonya damu, mwili ndo anaurudisha. Wengine wanasema sio chunusi ni kafara, kuna tajiri kawatoa watu. Na siku hizi kuna toleo la tatu kwamba watu wanaibiwa viungo. Mi siwacheki wanaosema hivyo na hata wenzangu wataalamu nawaombaga waache kuwacheka, sababu ukitulia ukawasikiliza utagundua walichokiona ni cha kweli kabisa. Ni kweli watu wanazama pale pale. Ni kweli jioni ni mbaya. Ni kweli kuna sikukuu bahari inakuwa kali kuliko sikukuu nyingine. Tatizo ni kwamba mtu akishataja chunusi upelelezi unaishia hapo, hakuna anayeenda kuweka kamba wala kibao, maana chunusi utamwekea kibao gani?

Tuanze na Idi kwa sababu hapo hesabu inajipiga yenyewe. Idi el Fitri inakuja mwezi ukiandama. Na kila mvuvi anajua bahari yetu ina bamvua, yaani maji makubwa yanayojaa sana na kupwa sana, mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, na siku moja au mbili baada ya hapo ndo maji yanakuwa na nguvu haswa, kwa sababu jua na mwezi vinavuta kwa mstari mmoja. Kwahiyo Idi ya kumaliza Ramadhani haiangukii maji mafu, yale yanayopanda na kushuka kidogo tu, mwaka wowote ule, ni bamvua tu. Kwa Dar na Zanzibar tofauti ya maji kupwa na maji kujaa siku ya bamvua inapita mita 3, wakati siku za maji mafu ni kama mita 1 hivi. Idi el Haji yenyewe ni siku ya kumi ya mwezi mwandamo, maji ni mafu au karibu na hapo, ukienda siku hiyo unakutana na bahari nyingine kabisa japo ni bichi ile ile. Pasaka nayo ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu, tena karibu na Machi ambapo bamvua huwa kubwa kuliko miezi mingi, kwahiyo miaka mingi Ijumaa Kuu na Pasaka zinaangukia bamvua au mkiani mwake. Krismasi inafuata jua, hiyo inaweza kuangukia maji yoyote.

Na bamvua pwani yetu ina ratiba yake. Maji yanapwa saa nne kwenda saa tano asubuhi, yanajaa mida ya saa kumi jioni. Ila hayapandi kwa mwendo mmoja, saa la kwanza yanapanda kidogo kidogo, yakifika saa la tatu na la nne ndo yanakimbia, nusu ya maji yote yanaingia ndani ya masaa hayo mawili tu. Sasa weka kwenye siku ya Idi. Mita 1 na nusu inaingia kati ya saa sita na nusu na saa nane na nusu mchana, yaani watu wamemaliza pilau ndo wanashuka kwenye daladala na watoto, wanakuta fungu la mchanga limekaa vizuri kule mbele, maji ya vifundoni, watoto wanakimbilia huko kucheza. Fungu lina tabia moja mbaya, lenyewe liko juu kuliko njia ya kurudia. Maji yanajaza kwanza lile bonde lililopo kati ya fungu na ufukwe, mtoto bado anacheza mguu mkavu, akigeuka kurudi anakuta kifua, hatua mbili mbele anakuta kina. Ukimuuliza baba yake atakuambia maji yalikuwa ya vifundoni, na hasemi uongo.

Halafu kwenye saa kumi na moja na nusu kwenda kumi na mbili maji yanaanza kukimbia kurudi, jua linazama, huku ufukweni huoni tena kichwa cha mtu. Bibi zetu walitukataza kuoga baharini magharibi kwa sababu majini yanatoka. Saa waliipatia vizuri sana bibi zetu.

Sasa hilo la "pale pale". Maji yote yaliyoingia juu ya mwamba na juu ya mafungu lazima yarudi, na hayarudi kila mahali, yanatafuta mlango, pale penye upenyo kwenye mwamba au bonde kati ya mafungu mawili. Kuna bichi moja hapa Dar huwa napeleka vijana kufanya mazoezi, na kuna mama anauza mihogo ya kukaanga anayekaa mkabala na sehemu watu wanayoiogopa. Siku moja akaniambia, "Mwanangu wewe fundisha tu, ila hapo watu wanavutwa, nimeona kwa macho yangu." Sikubishana nae, nikaomba madafu mawili yaliyokwisha kunywewa kwa jirani yake. La kwanza nikalitupa mbele ya kibanda chake nikamwambia tuhesabu wote. Moja mpaka kumi dafu lilikuwa linazunguka zunguka tu, halafu likanyooka kama limeitwa, tulivyofika sitini lilikuwa limeshaipita ngalawa iliyofungwa kama hatua arobaini kutoka tuliposimama. La pili nikalitupa hatua ishirini kulia, pale mawimbi yanapovunjika kwa kelele. Likarudi miguuni kwetu. Mama akalitazama lile lililorudi, akasema, "Kumbe mlango ndo huo."

Na hapa naomba msome taratibu. Pale dafu lilipopita hapakuwa na mawimbi. Maji yametulia, rangi imekoza kidogo, yana vitakataka na povu linaloelekea nje. Mzazi yeyote mwenye akili timamu akifika bichi anakwepa sehemu yenye mawimbi anaenda kuwaogeshea watoto sehemu iliyotulia, yaani anawapeleka mlangoni kwa mikono yake. Mkondo wa maji yanayotokea mlango kama huo kwa kawaida unakwenda kama nusu mita kwa sekunde, ukichachamaa unafika mita 2 na zaidi, na muogeleaji wa Olimpiki kwenye mbio za mita 100 anakwenda kama mita 2 kwa sekunde. Sasa dogo wetu aliyejifunza kuogelea bwawani ashindane nao vipi?

Lakini mkondo hauvuti chini. Unakupeleka nje. Ile hisia ya kushikwa miguu ipo kweli, nimeipata mwenyewe, ni mchanga unaosombwa chini ya nyayo zako wakati maji yanakusukuma kifuani, unapoteza pa kukanyaga. Kinachoua ni kupambana kurudi pale ulipotokea mpaka pumzi inakata. Ukishikwa usishindane, lala chali uelee, pumua, ukipata utulivu ogelea kwa ubavu kufuata ufukwe mpaka utoke kwenye ule mkondo, halafu ndo urudi na mawimbi. Kama huwezi kuogelea elea tu na unyooshe mkono mmoja.

Kuhusu kutopiga kelele, anayezama kikweli hapigi. Mdomo uko usawa wa maji, ukitoka juu anahangaika kuvuta pumzi, hana pumzi ya kuitia, na mikono inasukuma maji kwa pembeni yenyewe bila yeye kuiamuru, hawezi hata kukupungia. Kwa mtu mzima hali hiyo ni sekunde 20 mpaka 60 hivi halafu kwisha, kwa mtoto inaweza kuwa haraka zaidi. Mnaweza kuwa mmesimama nae mita tatu mnapiga selfi. Mtoto aliyekuwa anapiga kelele majini akinyamaza ghafla, mwangalie usoni. Na wale vijana wazuri wa kuogelea, waulizeni kama walikuwa wanashindana kukaa chini ya maji. Ukihema haraka haraka kabla ya kuzama unapunguza hewa chafu mwilini, na hiyo hewa chafu ndo inayokusukuma kupumua, kwahiyo unazimia chini bila kusikia dalili yoyote. Ongeza pombe, kifafa, moyo. Maji ya kiunoni yanatosha.

Kuhusu mwili nitasema kwa heshima kwa sababu kuna familia zinasoma hapa. Mtu aliyezama kwa kawaida anashuka chini kwanza, maji yetu ni ya joto kwahiyo baada ya siku mbili tatu gesi inajitengeneza tumboni, mwili unaibuka, na muda wote huo mikondo imekuwa ikiuhamisha. Ndo siku ya tatu hiyo, ndo upande mwingine huo. Povu mdomoni na puani, mara nyingine jekundu, ni maji maji ya mapafuni yaliyochanganyika na hewa na damu kidogo. Damu haijanyonywa. Na sehemu laini, midomo, masikio, kope, kaa na samaki wadogo wanaanza nazo, ndo hapo mtu anapiga picha anaandika wametoa viungo. Nawaomba msirushe hizo picha, daktari akichunguza mwili anajua jeraha la kisu na la kaa, nyie na mimi kwenye simu hatujui.

Halafu msidhani uvumi huu ni wa kwetu tu. Kule Uingereza kuna ufukwe unaitwa Camber Sands, tarehe 24 Agosti 2016, siku ya joto kali, vijana watano marafiki kutoka London walikufa kwa mkupuo. Wote vijana wenye nguvu. Watu wakaanza, mara ni wahamiaji wametoka baharini, mara mchanga umewameza. Uchunguzi wa mahakama mwaka uliofuata ukaonyesha ni maji kujaa, mafungu ya mchanga na bonde nyuma yao, yaani ile hadithi ya mtoto wa Idi niliyowaeleza juu. Na Bournemouth, huko huko Uingereza, 31 Mei 2023, binti wa miaka 12 na kijana wa miaka 17 walizama karibu na gati, uvumi ukaiangukia boti ya watalii iliyokuwa jirani, ikashikiliwa, mtu akakamatwa kisha akaachiwa, ilipokuja kusikilizwa mwaka 2024 ikaonekana ni mkondo. Wazungu hawana chunusi, ila kumtafuta mchawi wanajua.

Sasa mtu amezama mbele yako. Usimfuate mikono mitupu, bana. Misiba mingi ya wawili wawili ndo inavyotokea, wa pili ni kaka au shemeji aliyeruka kuokoa, halafu tunasema bahari imetaka jozi. Mrushie kitu kinachoelea, dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko linamshikilia mtu mzima vizuri tu, ukilifunga kamba ndo umemaliza kazi. Mtu mmoja asimame kumnyooshea kidole asipotee machoni, mwingine apige 114 Zimamoto na Uokoaji, au 112. Akishatolewa msimning'inize kichwa chini, msimminye tumbo kutoa maji, mnampotezea muda na mnaweza kumpalia matapishi. Kama hapumui mlaze chali, inua kidevu, ziba pua, mpulizie pumzi tano kwanza, halafu minya katikati ya kifua mara 30, pumzi 2, mara 30, pumzi 2, bila kuacha mpaka msaada ufike. Akizinduka anaenda hospitali hata kama anacheka, mapafu yanaweza kugoma masaa kadhaa baadae. Na matyubu ya kukodi ni mchezo tu, upepo wa kutoka nchi kavu ukilishika tyubu linaondoka na mtoto juu yake.

Kabla ya kutoka nyumbani angalia utabiri wa TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, wakitoa angalizo la mawimbi ya mita 2, bichi ahirisha, na angalia majedwali ya maji kujaa na kupwa, kwenye simu yapo.

Yule mama wa mihogo hana simu ya intaneti. Alichofanya, ana kibao cha bei cha chaki, chini ya bei ya mihogo na kachumbari akaanza kuandika "maji yanajaa saa 10 na dakika 10". Nilipopita kesho yake bado kilikuwa kinasema saa 10 na dakika 10. Nikamwambia mama, maji yanachelewa kama dakika 50 kila siku, hii ni ya jana. Akanipa chaki, "Basi rekebisha, mi nina wateja."