Manzanita, albamu ya blugrasi isiyo na banjo

Mtu akikuambia anapenda blugrasi, muziki wa Kimarekani wa vyombo vya nyuzi, mara nyingi sauti anayoisikia kichwani ni ya banjo. Ana haki. Mpiga mandolini Bill Monroe alikuwa na bendi yake ya Blue Grass Boys tangu mwishoni mwa miaka ya 1930, lakini ni pale Earl Scruggs alipojiunga naye Desemba 1945, akicharaza banjo kwa vidole vitatu, ndipo muziki ule ulipopata sura tunayoijua hadi leo. Kwa hiyo mwaka 1979, mpiga gitaa Tony Rice alipotoa Manzanita kupitia kampuni ya Rounder, albamu ya blugrasi ambayo ukiisikiliza mwanzo hadi mwisho husikii banjo hata mara moja, alikuwa ameng'oa nguzo ya nyumba. Na nyumba haikuanguka.

Nafundisha gitaa kavu, na mwanafunzi akishaanza kushika piki, kile kipande kidogo cha kucharazia nyuzi, vizuri, hii ndiyo albamu ninayompa kwanza. Wengi huipenda kwa sababu ya solo za Rice, na kweli solo zile zinakata pumzi. Mimi nashikilia kwamba mambo mapya hasa yamo kwenye ridhimu yake, yaani kile anachokifanya nyuma ya waimbaji na wapigaji wengine wakati hakuna anayemtazama.

Ili uone ukubwa wa jambo hili, kumbuka gitaa lilikuwa na cheo gani katika blugrasi ya mwanzo. Lilikuwa la kusindikiza. Lester Flatt, aliyekuwa na Monroe wakati mmoja na Scruggs, alipiga noti ya chini, kisha kodi (noti kadhaa kwa pamoja), noti ya chini, kisha kodi, akishirikiana na besi kushikilia mwendo. Mwisho wa mstari alitia kale kamchapo kadogo ka kodi ya G ambako kila mpiga blugrasi anakajua. Solo ziliachiwa fidla, mandolini na banjo. Sababu moja ni ya kimaumbile tu: banjo ina ngozi iliyokazwa, sauti yake inatoboa, gitaa la mbao lina sauti nene inayotandaa, na mbele ya vyombo vile humezwa.

Mpiga gitaa Doc Watson alibadilisha hesabu mwanzoni mwa miaka ya 1960, alipochukua nyimbo za fidla akazipiga kwa gitaa na piki, noti kwa noti. Akaja mpiga gitaa Clarence White wa bendi ya Kentucky Colonels. White aliligeuza gitaa kuwa chombo cha kuongoza ndani ya bendi nzima ya blugrasi, tena kwa namna yake ya kuchelewesha na kuruka mapigo, msikilizaji akabaki anatafuta wapi pigo la kwanza lilipo. Albamu yao ya mwaka 1964, Appalachian Swing!, bado inafundisha watu.

Tony Rice alizaliwa Danville, Virginia, mwaka 1951, lakini utoto wake ulipita California, na huko ndiko alikomwona White akipiga. White aliuawa mwaka 1973, akigongwa na gari la dereva mlevi. Miaka miwili baadaye Rice alilifuatilia gitaa alilowahi kulimiliki White, la kampuni ya Martin, aina ya D-28, la mwaka 1935, akalipata kwa dola 550. Lilikuwa gitaa lililoteseka. Tundu la sauti lilikuwa limepanuliwa kupita lile la kiwandani, na ukiangalia picha za Rice utaliona mara moja, jeusi na kubwa kuliko kawaida. Hilo ndilo gitaa lililoambatana na jina lake hadi mwisho.

Mwaka huohuo wa 1975 alisikika kwenye albamu ya J.D. Crowe and the New South, blugrasi ya kweli yenye banjo ya Crowe mwenyewe, halafu akaondoka. Alikwenda California kujiunga na mpiga mandolini David Grisman, aliyekuwa akitengeneza muziki wa ala tupu wenye mwili wa blugrasi na akili ya jazi. Huko Rice alilazimika kusoma. Alijifunza nadharia ya kodi kwa msaada wa mpiga gitaa John Carlini, akasikiliza sana wapigaji wa jazi kama John Coltrane, na albamu ya kwanza ya kundi la Grisman ikatoka 1977. Alipoondoka huko mwaka 1979, mkono wake wa kushoto ulikuwa umefunguka kwa kodi ambazo mpiga blugrasi wa kawaida hakuzihitaji.

Hapo ndipo Manzanita inapoingia. Rice angeweza kusonga mbele na ala tupu peke yake, na kwa kweli alifanya hivyo katika albamu nyingine, kama Mar West ya 1980. Lakini kwa Manzanita alirudi kwenye nyimbo za kuimbwa, nyingine za zamani mno, akazibebea elimu ile yote bila kuitangaza. Aliita watu wa uzito wake: Sam Bush, Ricky Skaggs, Jerry Douglas kwenye dobro (gitaa linalopigwa kwa kutelezesha chuma juu ya nyuzi), Grisman mwenyewe, Darol Anger kwenye fidla, na Todd Phillips kwenye besi. Manzanita ni jina la kichaka chenye magome mekundu kinachoota kwenye miteremko ya California, na ndilo jina la wimbo wa ala tupu ambao Rice aliutunga.

Sasa turudi kwenye banjo. Banjo ya Scruggs hutoa karibu noti nane kwa kila mapigo manne, bila kupumzika, kama mvua juu ya bati. Inapendeza, ila ikishaanza inajaza kila upenyo. Mpiga gitaa aliye nyuma yake hana la kusema; akiongeza noti ya ziada haitasikika, na ikisikika itakuwa kelele. Iondoe banjo, na ghafla kuna nafasi tupu kati ya pigo na pigo. Bendi dhaifu ingekimbilia kuijaza. Rice anaiacha sehemu yake wazi, na sehemu nyingine anaiendea kwa uangalifu mkubwa: mara noti ya chini, mara nusu ya kodi kwenye nyuzi za kati, mara mchapo mkali unaotangulia pigo kidogo, mara kimya. Mandolini inabaki kukata pigo la pili na la nne, besi inashika la kwanza na la tatu, na gitaa linazunguka katikati likizungumza na mwimbaji.

Fanya hivi: chukua Old Train, wimbo wa kwanza. Usimsikilize mwimbaji. Fuata gitaa peke yake kwa ubeti mmoja, kisha ubeti wa pili, uone kama linarudia kitu kilekile. Mwendo hautetereki hata kidogo, lakini njia ya kuushika inabadilika. Hicho ndicho ninachokiita maendeleo katika albamu hii. Kimefichwa ndani ya kazi ya mtumishi, mahali ambapo mpenzi wa nyimbo za kale hataona kitu cha kumkera.

Kwa wanaopiga, wimbo wa kukaa nao ni Blackberry Blossom. Ni wimbo wa fidla wa zamani. Sehemu ya kwanza ikipigwa katika G, kodi hubadilika kila mapigo mawili: G, D, C, G, halafu C, G, A, D. Hakuna pa kupumzikia. Anayeanza huona ni mbio za vidole, akakazana kuwahi kila kodi, na noti zake zikatoka zimefinywa. Msikilize Rice. Noti zina uzito usiolingana: moja inasukumwa, mbili zinazofuata zinateleza, nyingine inaachwa iendelee kulia kwenye waya wazi huku kidole kikihamia mahali pengine. Sehemu ya pili inapoingia kwenye E ndogo, rangi inageuka, naye anaitumia giza ile kupumua. Mkono wake wa kulia haukufuata sheria ya chini-juu, chini-juu bila kukosa. Aliweza kupiga chini mara mbili mfululizo pale alipotaka mkazo. Ndiyo maana kumnakili kwa maandishi ya noti peke yake hakutoshi. Utapata noti zote na bado hautasikika kama yeye.

Neno moja kuhusu piki, maana naulizwa sana. Rice alipiga kwa piki nene za gamba la ng'amba, kasa yuleyule tunayemjua katika pwani yetu. Biashara ya kimataifa ya gamba hilo ilikatazwa katika miaka ya 1970, na ni vyema ikabaki hivyo. Piki nene ya plastiki yenye kingo zilizosuguliwa vizuri itakufikisha mbali. Wale waliojifunza gitaa kwa dole gumba na kidole cha shahada, kwa njia ya akina Mwenda wa Bayeke, yule mpiga gitaa wa Kongo, msiione piki kama cheo cha juu zaidi. Ni mkono mwingine tu, na mazoezi ya kutenganisha besi na sauti ya juu mliyoyafanya yatawasaidia sana kwenye ridhimu ya Rice.

Nimeongea sana kuhusu gitaa, na ningekosea nikiliacha lile koo. Sauti ya Rice ilikuwa nzito, ya chini, haina ule mlio wa juu wa Monroe. Katika Little Sadie, wimbo wa kale wa mtu aliyeua, akakimbia, akakamatwa na kuhukumiwa, anaimba kwa utulivu unaoogofya kuliko kilio. Ginseng Sullivan ni wa Norman Blake, kuhusu mtu anayechimba mizizi ya jinsengi katika vilima vya kaskazini mwa Georgia, na gunia lake zima halitoshi nauli ya kumrudisha kwao kwenye Delta ya Mississippi. Home from the Forest ni wa Gordon Lightfoot wa Kanada, kuhusu mzee asiye na makazi na usiku wa baridi mjini. Mmoja ni wimbo wa mapokeo usio na mwenyewe, wa pili umetungwa na mwenzake wa jukwaani, wa tatu umetoka kwenye santuri za watunzi wa mijini. Rice anaupa kila mmoja heshima ileile na upana uleule wa kodi. Ukimpa mgeni albamu hii bila jalada, hataweza kukuambia upi una umri wa miaka mia na upi ulitungwa juzi.

Hilo koo lilimwacha mwaka 1994 kwa maradhi ya misuli ya sauti, na tangu hapo aliendelea kupiga bila kuimba. Alifariki tarehe 25 Desemba 2020.

Ukiipenda Manzanita, inayofuata ni Church Street Blues ya 1983, ambapo alipunguza zaidi: karibu albamu yote ni gitaa lake na sauti yake, mdogo wake Wyatt akimsindikiza kwa gitaa la pili katika nyimbo chache. Baada ya hapo nenda kwa vijana. Molly Tuttle, ambaye mwaka 2017 alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa tuzo ya mpiga gitaa bora wa mwaka na chama cha kimataifa cha blugrasi, ana mkono wa kulia ulio safi ajabu. Billy Strings, ambaye albamu yake ya Home ya 2019 ilishinda Grammy, anapiga kwa hasira zaidi na kwa sauti kubwa zaidi, na banjo imerudi kwenye bendi yake. Msikilizeni Strings anapokuwa nyuma ya banjo hiyo, si wakati wa solo. Mtatambua haraka alikopita.