Ndugu, Komredi, Mheshimiwa

Majuzi nililetewa muhtasari wa kikao cha tawi la chama kimoja cha siasa niunyooshe Kiswahili kabla haujachapwa. Kwenye orodha ya mahudhurio, wajumbe 17 waliandikwa "Ndg." Wawili, diwani na mbunge, waliandikwa "Mhe." Agenda ya kwanza ilikuwa usawa ndani ya chama.

Kuhariri maandishi ya siasa ndiyo kazi yangu, na vijana huniuliza kama haya majina ya kuitana ya enzi za TANU, chama kilichotawala Bara kabla ya CCM, hayajapitwa na wakati. Mimi siyaweki kapu moja.

Tuanze na "ndugu". Ahadi ya kwanza ya mwana-TANU ilikuwa "Binadamu wote ni ndugu zangu na Afrika ni moja", na CCM ikairithi ilipozaliwa tarehe 5 Februari 1977 kwa muungano wa TANU na ASP ya Zanzibar. Neno hili lilikuja kukalia kiti cha "bwana", na bwana huyo tunamjua: pwani ndiye aliyemiliki mtumwa, na wakati wa mkoloni ndiye Bwana DC. Kumwita waziri "ndugu" kulikuwa kumteremsha ngazi mbele ya watu, naye aitikie.

Kisarufi pia neno lenyewe ni la ajabu. Halibagui mwanamke na mwanamume, kwa hiyo linakuepusha na hesabu za Bwana, Bibi na Bi. Umoja na wingi ni lilelile. Tena huwezi kuwa ndugu peke yako, sharti uwe ndugu wa mtu: ndugu yangu, nduguye, nduguze. "Mheshimiwa" hahitaji mwenzake. Limetokana na "heshimiwa", kitenzi cha kutendwa ambacho mtendaji wake hatajwi. Anaheshimiwa na nani, kwa lipi, hakuna anayeuliza. Mwite mtu "mheshimiwa wangu" uone kama hatadhani unamkejeli.

"Komredi" ndilo linalonipa tabu. Siku hizi husikika kwenye majukwaa ya CCM, na Kenya ni salamu ya wanafunzi wa vyuo vikuu hata wasiojali siasa za mrengo wowote. Lakini Zanzibar makomredi walikuwa watu mahususi: vijana wa Umma Party, chama alichokiasisi Abdulrahman Babu mwaka 1963 baada ya kuachana na chama cha ZNP. Baadhi yao walikuwa wamepata mafunzo Cuba. Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar, alipouawa Aprili 1972, wengi wao walikamatwa na kushtakiwa. Babu mwenyewe alikaa kizuizini Bara hadi 1978. Kwa hiyo kijana anayeshuka Unguja na kumwita mzee wa watu "komredi" kwa bashasha, na ajue kwamba ziko nyumba ambazo neno hilo linamkumbusha mtu geti la gereza. Sisemi lipigwe marufuku. Nasema anayelitumia alijue, na asishangae akiitikiwa kwa kimya.

"Ndugu" nalitetea bila kigugumizi, kwa sharti moja tu: liende juu na chini. Ubovu ulioingia si uzee wa neno. Tumelifanya cheo cha wasio na cheo. Ukipata udiwani, unavuliwa undugu na kuvishwa uheshimiwa. Bungeni sina ugomvi, kule kuna taratibu zake. Ila kwenye kikao cha tawi, chini ya mwembe, viti vya plastiki vya kuazima?

Basi nikafuta zile "Mhe." mbili, nikaweka "Ndg." kwa wote 19, nikaurudisha muhtasari. Jioni katibu akanipigia.

"Kaka, hapo utaniponza," akasema. "Kama shida yako ni usawa, si tuwape wote Mhe.?"