Profesa wa sheria ya kazi siyo wakili aliyefeli

Ile kauli kwamba wakili akishindwa kortini ndo anakimbilia chuo kufundisha, tumeisikia miaka nenda rudi, na wa sheria ya kazi ndo wanachekwa zaidi. Hapana jamani. Mtazame Otto Kahn-Freund, Myahudi wa Ujerumani aliyezaliwa Frankfurt mwaka 1900. Kabla ya uprofesa alikuwa jaji wa mahakama ya kazi Berlin, na 1933, Hitler ameshashika nchi, ikamfikia kesi ya wafanyakazi wa redio waliotimuliwa kwa madai kwamba ni wakomunisti, yeye akaamua wameonewa. Kibarua chake mwenyewe kikaota nyasi. Akakimbilia London, akakaa tena darasani pale chuo cha London School of Economics (LSE) kama mwanafunzi (jaji mzima huyo!), baadaye akawa profesa hapohapo, na 1964 akahamia Oxford.

Na wala hakujifungia na vitabu. 1965 hadi 1968 alikuwa mjumbe wa tume ya Donovan iliyochunguza mahusiano ya waajiri na vyama vya wafanyakazi Uingereza, ripoti yao ikapendekeza mfanyakazi alindwe asifukuzwe ovyo, na 1971 ikawa sheria.